Majibu ya vipimo vya utumbo wa kichanga: jua kwanza alizaliwaje, ndo usome namba

Juzi kuna mama kanishika mkono kwenye korido ya wodi yetu ya watoto wachanga, simu mkononi, machozi yanamlengalenga, ananionyesha picha ya karatasi ya majibu aliyopewa maabara fulani. Kalprotektini, protini ya seli nyeupe inayopimwa kwenye choo kutafuta uvimbe wa utumbo, 340. Pembeni pameandikwa kawaida ni chini ya 50, na mtu kapiga duara kwa kalamu nyekundu. Mtoto mwenyewe ana siku 9, kazaliwa wiki 39, kilo 3.1, njia ya kawaida, ananyonya mpaka anasinzia chuchu ikiwa mdomoni, tumbo laini, choo cha njano kile cha maziwa ya mama. Kwanini alipimwa? Eti analia sana jioni. Na kashaambiwa utumbo wa mtoto umevimba ndani, kaandikiwa antibayotiki, kaambiwa aache kunyonyesha kwanza aanze maziwa ya kopo.

Jamani, ile 50 ni ya mtu mzima. Kichanga mwenye afya zake kukutwa na 200, 300 na hata zaidi ni kitu cha kawaida kabisa, inakaa juu miezi ya mwanzo afu inashuka polepole mpaka akifika kama miaka 4 ndo inakaribia ya watu wazima. Yani yule mtoto hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuwa mchanga. Jambo lile limenikaa rohoni siku mbili, nikaona niandike huu mwongozo kwa wazazi, na kwa wadogo zangu manesi, matabibu na watu wa maabara mnaoanza kazi, namna ya kusoma haya majibu kwa kuanzia panapotakiwa kuanziwa, ambapo ni siku aliyozaliwa mtoto. Mzazi, naomba tuelewane mapema: hii sio ya kukufanya umtibu mtoto nyumbani, ni ya kukufanya uulize maswali yenye maana ukikaa mbele ya daktari, na ujue lini karatasi haina maana tena na unatakiwa ukimbie.

UGONJWA WENYEWE NA VIASHIRIA VYAKE

Ukisema kipimo cha utumbo watu wengi wanawaza amiba na minyoo, kwa kichanga sio hivyo. Tunaouogopa ni ule ambao wodini tunauita NEC, ukuta wa utumbo unavimba, unaanza kufa, bakteria wanaingia ndani ya ukuta wenyewe na kutoa gesi humo, na ikifika mbali utumbo unatoboka. Unawapata sana njiti, hasa wa chini ya gramu 1500, kwenye hao ni kama 5 mpaka 10 kwa kila 100, na wakiugua tunapoteza kati ya 20 na 30 kwa kila 100, hata huko kwenye vifaa vyote. Madaraja matatu tunayotumia yalipangwa na Martin Bell na wenzake 1978, yakaboreshwa 1986, na daraja la kwanza ni la kushuku tu: tumbo limejaa kidogo, maziwa yanabaki tumboni, mtoto kapoa. Hapo kwenye kushuku ndo watu wanatafuta kiashiria cha kuwaambia mapema, kabla eksirei haijaonyesha.

Kalprotektini inakaa ndani ya nyutrofili, zile seli nyeupe za kwanza kukimbilia penye vita, imejaa humo kiasi kwamba zaidi ya nusu ya protini ya majimaji ya ndani ya seli ni yenyewe. Waliigundua Norwei, Magne Fagerhol na wenzake, 1980. Nyutrofili zikivuka ukuta wa utumbo zinaishia kwenye choo, kwahiyo ukipima choo unajua askari wangapi wamevuka. Wamevuka kwa sababu gani, hapo haikuambii. Nyingine ni I-FABP, protini ndogo ya seli zilizo kwenye ncha za vile vinyweleo vya utumbo mwembamba, seli ikipasuka inamwagika kwenye damu, figo zinaichuja, inatoka kwenye mkojo. Kwenye damu nusu yake inapotea ndani ya kama dakika 11, kwahiyo inakupa habari za masaa haya, sio za jana. Hii bado ni ya kwenye tafiti zaidi, wodi nyingi hutaikuta. Tulizonazo kila siku ni CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukipata uvimbe au maambukizi), picha kamili ya damu pamoja na platileti zake (zile chembe za kugandisha damu), na damu kwenye choo. Sehemu nyingine wana prokalsitonini, kipimo kingine cha damu cha kutafuta maambukizi.

Zote hizi, narudia, zote, zinasogezwa na namna mtoto alivyozaliwa.

KALAMU NA KARATASI KABLA YA NAMBA

Fungua kadi ya kliniki ya mama na fomu ya kujifungulia, andika: alizaliwa wiki ya ngapi, uzito, njia ya kawaida au operesheni, na kama ni operesheni je uchungu ulikuwa umeshaanza au alipelekwa moja kwa moja bila uchungu (hili watu wanaliruka na ni kubwa kweli), chupa ilipasuka masaa mangapi kabla, maji yalikuwa masafi au ya kijani, mtoto alilia hapohapo au alipuliziwa hewa, alama zake za Apgar (zile za hali yake dakika za kwanza baada ya kuzaliwa), mama alikuwa na presha, kifafa cha mimba, kisukari au homa, alichomwa zile sindano za kukomaza mapafu au hakuchomwa, kichanga mwenyewe alichomwa vitamini K, kaanza maziwa lini na ni maziwa gani, yuko kwenye antibayotiki au hayuko. Mwisho andika umri wake sasa hivi, na kama hajamaliza siku 3 andika kwa masaa, sio kwa siku.

Kwanini masaa? Kwa sababu prokalsitonini inapanda yenyewe kwa kila kichanga baada ya kuzaliwa, hata asiye na ugonjwa, inafika kileleni kama saa 24 hivi afu inarudi chini kati ya saa 48 na 72. Ukimpima mtoto wa saa 20 na mtoto wa saa 70 ukawasomea kwa mstari mmoja, mmoja wao umemuonea. CRP nayo ina mambo yake siku mbili za kwanza, ntaifikia.

WIKI NA UZITO

Hapa ndo pazito zaidi kwahiyo nikae kidogo.

NEC ina saa yake. Mtoto aliyetimiza miezi akiugua anaugua mapema, siku za mwanzo tu, na mara nyingi kuna sababu, alichoka sana wakati wa kuzaliwa, ana moyo wenye hitilafu, damu yake nzito kupita kiasi. Njiti ni kinyume, anavyozaliwa mdogo zaidi ndivyo NEC inavyochelewa kumfuata, wale wadogo kabisa inawakuta wiki ya pili, ya tatu, pale mama anapoanza kupumua akisema tumevuka. Kwahiyo piga hesabu ya umri uliosahihishwa: wiki za kuzaliwa jumlisha wiki alizoishi. Kazaliwa wiki 28, leo ana siku 21, yani wiki 3, basi leo yuko wiki 31. Kati ya wiki 29 na 32 kwa hesabu hiyo ndo kipindi ambacho mimi silegezi macho, kila zamu nashika tumbo, nampima kwa futi ya kamba palepale usawa wa kitovu, naandika. Kalprotektini iliyoanza kupanda kwa mtoto wa wiki 31 kama huyo ina uzito mwingine kabisa na ile ile kwa kilo 3.1 wa siku 9.

Afu CRP. Ini la njiti halijakomaa na CRP inatengenezwa na ini, kwahiyo njiti anaweza kuwa anaumwa sana na CRP ikapanda kidogo tu. Wengi tunatumia 10 kama mpaka, sawa, ila kwa njiti CRP ya 8 yenye tumbo gumu usiipuuze kwa sababu haijafika 10. Na hata kwa aliyetimiza miezi inahitaji masaa, kama 10 mpaka 12 tangu ugonjwa uanze ndo uione vizuri, kwahiyo CRP nzuri ya saa ya kwanza haimtoi mtoto kwenye hatari, irudie baada ya masaa 24.

Wanaopima I-FABP ya mkojo huwa wanaigawanya kwa kreatinini (taka ya mwili inayochujwa na figo) ili mkojo mwepesi na mkojo mzito visiwadanganye. Nzuri, lakini figo za njiti nazo ni changa, na kreatinini ya kwenye damu yake siku za kwanza inafuata sana ya mama yake. Kama mama alikuwa na shida ya figo kutokana na kifafa cha mimba, hiyo hesabu ya siku ya kwanza na ya pili isome taratibu.

Na uzito usiusome peke yake. Gramu 1400 wa wiki 30 na gramu 1400 wa wiki 35 ni watoto wawili tofauti kabisa. Wa pili alikuwa na njaa tumboni, kondo lilikuwa halimlishi vizuri. Mtoto wa namna hiyo mwili wake ulikuwa unapeleka damu kwanza kwenye ubongo na moyo, utumbo ukawa unapata mabaki, na kama ultrasaundi ya Dopla ilionyesha damu ya kitovu inasimama au inarudi nyuma kila moyo ukipumzika basi hatari yake ya NEC iko juu hata kama kwa wiki anaonekana mkubwa. Uliza hiyo Dopla. Mara nyingi ilifanywa, iko kwenye faili la mama wodi nyingine, na hakuna aliyeifuata.

NJIA ALIYOTOKEA

Uchungu ni kazi kwa mama na ni kazi kwa mtoto. Mtoto aliyepita kwenye uchungu mrefu anazaliwa na nyutrofili nyingi zaidi kuliko aliyetolewa kwa operesheni bila uchungu wowote, na CRP yake siku mbili za kwanza inaweza kupanda bila bakteria hata mmoja. Chupa ikikaa muda mrefu imepasuka, mtoto akichoka, akinywa maji machafu, vilevile CRP inapanda. CRP ya mama haivuki kondo, kwahiyo usijitetee kwamba ni ya mama, ni ya mtoto, ila chanzo chake kinaweza kuwa ni safari ya kuzaliwa. Na seli nyeupe siku ya kwanza kufika elfu 20 na kitu kwa kichanga sio habari mbaya yenyewe kama yenyewe, wengine wazima wanafika mpaka elfu 30.

Kwa upande wa bakteria wa utumboni tofauti iko wazi. Waliopita njia ya kawaida wanawapata wale Bacteroides na wenzao kutoka kwa mama, wa operesheni wanawakosa kwa muda na badala yake wanabeba zaidi wadudu wa mazingira ya hospitali, Enterococcus, Klebsiella na jamaa zao, Waingereza waliwafuatilia watoto kama 600 na wakachapisha hayo 2019. Lakini je operesheni inapandisha kalprotektini? Hapo tafiti zinavutana, moja inasema ndio, nyingine inasema hakuna tofauti, kwahiyo mimi simwambii mama aliyepasuliwa kwamba kalprotektini ya mwanae iko juu kwa sababu ya kisu. Kina mama wa operesheni wana mzigo wa lawama wa kutosha tayari.

HAKULIA ALIPOZALIWA

Mtoto akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, mwili unafanya uamuzi, damu iende ubongo, moyo na tezi zilizo juu ya figo, ngozi na utumbo visubiri. Utumbo unaokosa damu hata dakika chache seli za kwenye ncha zinakufa, na I-FABP inamwagika. Laktati, ile asidi inayojaa kwenye damu mwili ukikosa hewa, nayo inakuwa juu. Kwahiyo kwa mtoto aliyepuliziwa hewa, I-FABP ya juu na laktati ya juu siku ya kwanza vinakuambia kilichotokea jana chumba cha kuzalia, havijakuambia kwamba ana NEC leo. Tazama zinaelekea wapi. Laktati ikishuka vizuri masaa yanayofuata, utumbo nao unapata damu yake. Ikishuka afu ikarudi kupanda siku ya tatu mkiwa mmeanza maziwa, hapo simama, ita mtu.

Watoto hawa tunaanza maziwa taratibu, na napendelea ya mama yake mwenyewe aliyokamua, matone ya njano yale ya kwanza.

MAMBO YA MAMA

Mama akiwa na presha ya mimba au kifafa cha mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na platileti chache na hata nyutrofili chache. Platileti kushuka ni moja ya ishara tunazoziogopa kwenye NEC, sasa umepata mtoto wa mama wa kifafa cha mimba, siku ya 3, platileti elfu 110, unafanyaje? Unaangalia kalenda. Za kifafa cha mimba zinashuka siku za mwanzo, zinagusa chini karibu siku ya 2 mpaka ya 4, afu zinapanda zenyewe ndani ya kama wiki moja mpaka siku 10. Za NEC zinaanguka ghafla kutoka pazuri, pamoja na tumbo kubadilika. Mtoto aliyekuwa na elfu 240 jana na leo elfu 110 mimi ananitisha kuliko aliyezaliwa na elfu 110 na bado yuko hapohapo. Na kumbuka pia, mtoto wa kifafa cha mimba mwenye nyutrofili chache kalprotektini yake unaisoma kwa tahadhari, maana inatoka ndani ya nyutrofili hizohizo.

Mama mwenye homa, maji yenye harufu, maambukizi ndani ya mfuko, mtoto anaweza kuwa ameshameza maji hayo yenye maambukizi kabla hajazaliwa. Hata kile choo cheusi cha kwanza kina kalprotektini ndani yake, kwahiyo choo cheusi kisome kama choo cheusi, usikiweke mstari mmoja na choo cha njano cha wiki ya pili.

Sindano za kukomaza mapafu, zile ambazo Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha faida yake 1972, watu wanazijua kwa mapafu tu, kumbe zinakomaza na utumbo pia na zinapunguza NEC. Kama mama alipata dozi kamili, andika. Kama hakupata, andika kwa herufi kubwa, maana mtoto huyo anaanza mbio akiwa nyuma.

MAZIWA NA DAWA

Hili haliko kwenye kuzaliwa moja kwa moja lakini linaanza saa hiyohiyo. Tafiti kadhaa zimekuta watoto wanaonyonya tu wana kalprotektini ya juu kuliko wa maziwa ya kopo miezi ya mwanzo. Mtu asiyejua anaona hiyo namba anamwambia mama aache kunyonyesha, na hapo ndo yule mama wa korido alipofikishwa. Kumbe kwa njiti maziwa ya mama ndo kinga tuliyonayo, Lucas na Cole huko Uingereza 1990 walikuta NEC ni mara 6 mpaka 10 zaidi kwa waliopewa ya kopo peke yake kuliko waliopata ya mama peke yake. Nairobi, hospitali ya uzazi ya Pumwani, wakafungua benki ya maziwa ya mama 2019 kwa ajili ya watoto ambao mama zao hawajaweza kuwanyonyesha. Namba kupanda kwa sababu mtoto anakula vizuri haiwezi kuwa sababu ya kumnyima anachokula.

Kwa njiti, kalprotektini imeonekana kupanda kadiri mililita za maziwa zinavyoongezwa, na kuwa chini mtoto akiwa kwenye antibayotiki. Kwahiyo namba ndogo kwa mtoto wa siku 5 za antibayotiki isikutulize, na namba iliyopanda siku mlipotoka mililita 5 kwenda 10 isikupagawishe bila kushika tumbo.

KUCHUKUA CHOO CHENYEWE

Sampuli mbovu inatoa jibu bovu lenye sura nzuri. Pampasi zile zinazofyonza sana zinanyonya maji ya choo, kinachobaki ni choo kizito na kalprotektini kwa kila gramu inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Weka kitambaa safi cha plastiki au kipande cha nailoni juu ya pampasi, au mvalishe nepi ya kitambaa kwa muda mfupi umkae jirani. Chota katikati, sio kile kilichogusana na pampasi, kijiko kidogo kinatosha, andika saa na choo cha rangi gani. Ipeleke siku hiyohiyo, ikishindikana kaa nayo kwenye friji. Halafu rudia maabara ileile kwa kipimo kilekile, mashine za kampuni tofauti zinatoa namba tofauti kwa choo kimoja, ukienda maabara A jumatatu na maabara B alhamisi unalinganisha mashine, sio mtoto.

Na kwa NEC yenyewe kuna shida ambayo karatasi haikuambii: utumbo ukiumwa sana unasimama, choo hakitoki, hamna cha kupima. Ukijikuta unasubiri choo ili upime kama mtoto anaumwa, kutotoka kwa choo kwenyewe ndo jibu.

IKITOKEA DAMU

Pampasi ina damu, roho zinaruka. Swali la kwanza, hii damu ni ya nani? Mtoto anaweza kumeza damu ya mama wakati wa kuzaliwa, hasa operesheni au kondo lililoachia, au akanyonya chuchu zilizopasuka, na siku ya pili ya tatu ikatoka chooni. Kuna kipimo cha zamani ambacho hakihitaji mashine ya mamilioni, cha Apt na Downey, 1955. Unachukua sehemu yenye damu, changanya na maji mara 5 mpaka 10 yake, itikise, izungushe kwenye sentrifuji mpaka upate maji ya pinki juu. Chukua mililita 5 za hayo maji, weka mililita 1 ya sodiamu hidroksaidi ya asilimia 1, kaa nayo dakika mbili ukiitazama kwenye mwanga, karatasi nyeupe nyuma ya tyubu. Ikibaki pinki hiyo ni damu ya mtoto, hemoglobini ya kichanga haivunjwi na magadi makali. Ikigeuka njano ya kahawia kama chai ya rangi iliyokaa, ni ya mama. Weka pembeni tyubu ya damu ya mtu mzima uone tofauti kwa macho yako. Inataka damu nyekundu mbichi, ikishakuwa nyeusi ya lami usihangaike nayo, na kama mama ana selimundu anaweza kuwa na hemoglobini ya kichanga nyingi kidogo, majibu yakachanganya. Mara ya kwanza nilipoona ile pinki inageuka kahawia mbele ya macho yangu, na bibi wa mtoto kasimama dirishani anaomba dua, nilitoka mbio kwenda kumwambia.

Swali la pili, vitamini K. Aliyezaliwa nyumbani au njiani mara nyingi hakuchomwa, na kuanzia siku ya 2 mpaka ya 7 anaweza kutoka damu chooni, kitovuni, puani, na utumbo wake hauna shida yoyote. Kumuuliza mama "alichomwa sindano ya pajani alipozaliwa?" hakuchukui hata sekunde kumi.

MLINGANISHE NA YEYE MWENYEWE

Kwahiyo namba moja peke yake kwa kichanga ni kama kumpima uzito mara moja, haikuambii anakua au anakonda. Chora mistari kwenye karatasi moja, siku chini, namba pembeni, CRP, platileti, kalprotektini kama mnayo, na chini yake andika mililita za maziwa na mzunguko wa tumbo kila siku. Mistari yote ikigeuka pamoja siku moja, platileti chini, CRP juu, tumbo limeongezeka sentimita 2, hata kama kila namba bado iko ndani ya "kawaida" ya maabara, mwite daktari usiku huohuo. Na baada ya matibabu, CRP ikigoma kushuka wakati mtoto anaonekana afadhali, fikiria usaha au utumbo kusinyaa, usimruhusu kwenda nyumbani.

Sasa mzazi, hizi hapa hazisubiri kipimo chochote: matapishi ya kijani, tumbo limevimba linang'aa au limekuwa gumu, damu chooni, mtoto amelegea hataki kunyonya, anasahau kupumua, amekuwa wa baridi au wa moto. Matapishi ya kijani kwa kichanga hata aliyezaliwa na kilo 4 ni dharura, utumbo unaweza kuwa umejisokota. Nenda hospitali yenye daktari wa upasuaji kama unaweza, njiani usimpe kitu mdomoni, mkumbatie kifuani ngozi kwa ngozi asipoe, na endelea kukamua maziwa yako, atayahitaji.

Na wewe mdogo wangu unayeandika rufaa, simamisha maziwa, weka mpira wa tumboni uache wazi uteremke wenyewe, dripu, antibayotiki, eksirei ya tumbo kama ipo, afu kwenye ile barua usiandike "kichanga, tumbo limejaa, CRP 46" ukapiga muhuri. Andika hivi: "Kazaliwa wiki 29, gramu 1180, operesheni bila uchungu, mama kifafa cha mimba, Dopla damu ilisimama, sindano za mapafu dozi 2 kati ya 4, alilia baada ya kupuliziwa hewa dakika 1, leo siku 17 sawa na wiki 31 na siku 3, alikuwa anapata maziwa ya mama mililita 14 kila masaa 2, platileti 210 juzi, 132 leo, CRP 4 jana, 46 leo, tumbo sentimita 22 jana, 24.5 saa 4 usiku, matapishi ya kijani mara 2, mara ya mwisho saa 5 na robo." Afu wapigie simu wanaompokea uwasomee yote hayo kabla gari haijawashwa.